Kizibo cha kuyeyuka kilivuja, tukaweka boliti: je, tuko salama?

"Shikamoo mhandisi. Mimi ni fundi kwenye bohari ya gesi ya kupikia. Tuna matanki mawili ya juu ya ardhi na sehemu moja ya kupakulia malori. Kuna mrija mwembamba wa hewa unaopita kwenye pampu, kwenye mpira wa kupakulia na chini ya matanki, na hapa na pale una vizibo vidogo vyenye kitu kama risasi katikati. Mwezi uliopita vali za matanki zilijifunga zenyewe mara 3 tukiwa katikati ya kupakua, na moto haukuwepo. Tukagundua kizibo cha karibu na mpira kinavuja hewa. Mkuu wa zamu akakitoa, akaweka boliti ya shaba. Tangu siku hiyo usumbufu umekwisha na geji inasoma vizuri. Pia mafundi rangi walipaka mrija wote, vizibo vikiwemo. Nikiuliza, wenzangu wananiambia tuna vitambuzi vya gesi, vitufe vya dharura, mitungi ya kuzimia moto na vali za usalama juu ya matanki, kwa hiyo vizibo ni ziada tu, tena kwa jua la huku vinaweza kuyeyuka bure. Je, nina haki ya kuhofu au najisumbua?"

Marahaba, mdogo wangu. Hujisumbui. Nakujibu kwanza, maelezo yatafuata: boliti hiyo itoke, na mpaka kizibo halisi kirudi mahali pake msipakue lori lolote hapo. Najua neno hilo lina uzito pale malori yanapopanga foleni nje ya geti na simu za wateja zinalia. Lakini sehemu ya mpira wa kupakulia ndipo gesi inapoponyoka kwa urahisi kuliko pengine popote kwenye bohari yenu, na hapo ndipo mmeuziba mfumo jicho.

Acha nikueleze mrija huo unafanya nini, maana nimekutana na mafundi hodari sana waliokabidhiwa mfumo huu bila mtu kukaa nao chini na kuwafafanulia. Vali iliyo chini ya tanki lenu ina springi nzito ambayo muda wote inataka kuifunga. Kinachoizuia ni hewa peke yake. Kompresa inajaza mrija, hewa inasukuma pistoni, pistoni inabana springi, vali inabaki wazi na gesi inapita. Hewa ikitoka kwa sababu yoyote ile, springi inashinda na vali inafunga. Haingoji umeme wala betri, wala mtu wa kukimbia. Kizibo cha kuyeyuka ni tundu kwenye mrija huo lililozibwa kwa metali laini. Moto ukiwaka karibu, metali inayeyuka, tundu linaachia hewa, vali inafunga. Huo ndio mfumo mzima. Ni wa zamani na ni rahisi, na mimi nauheshimu kuliko vifaa vingi vyenye skrini.

Hicho ulichokiita risasi kina risasi ndani yake, ila hakiko peke yake. Ni mchanganyiko wa bismathi, bati na risasi, mara nyingine na kadimiamu au indiamu. Bati peke yake huyeyuka kwenye nyuzi 232 za Sentigredi, bismathi kwenye 271, risasi kwenye 327. Ukivichanganya kwa vipimo maalumu pamoja na kadimiamu kidogo, unapata metali inayoyeyuka kwenye nyuzi 70, kabla maji ya chai hayajachemka. Kwa kubadilisha vipimo, mtengenezaji anachagua joto analolitaka na kuligonga kwenye kichwa cha kizibo. Vya bohari za gesi vingi ni vya nyuzi 100 hivi. Kanuni za Marekani za gesi ya kupikia, ziitwazo NFPA 58, ambazo wabunifu wengi huzifuata hata nje ya nchi hiyo, zinataka visizidi nyuzi 121, na zinataka kihisi joto, ambacho kwenu ni kizibo, kisiwe mbali zaidi ya mita 1.5 kutoka mwisho wa mpira wa kupakulia. Tazama tena kizibo kilichotolewa kilikuwa wapi. Bila shaka aliyejenga bohari yenu alikiweka pale kwa kipimo.

Nikifundisha, huwa nachukua kizibo cha zamani kilichostaafu kazi, nakining'iniza kwa waya ndani ya kopo la mafuta juu ya jiko la umeme, kipimajoto kikiwa pembeni. Darasa zima linainama kutazama. Nyuzi 80, kimya. Nyuzi 90, bado kimya. Kisha uso wa ile metali ya kijivu unaanza kung'aa kama jicho lililojaa machozi, na tone moja zito linadondoka chini ya kopo. Ukikitoa na kukiinua kwenye mwanga, unachungulia upande wa pili. Usijaribu hilo jikoni kwako, maana risasi na kadimiamu ni sumu. Lakini aliyewahi kuliona tone lile hasahau kwamba tundu lile ndilo kazi yenyewe ya kizibo, na kwamba boliti haiwezi kuifanya hata ikizungukwa na moto wa nyuzi 800.

Sasa tuje kwenye geji, kwa sababu ndiyo inayowatuliza. Geji yenu inapima kama hewa imo ndani ya mrija. Haiwezi kukwambia kama hewa hiyo ina mahali pa kutokea siku ya moto. Mrija uliozibwa boliti kila mahali utasoma vizuri zaidi kuliko mrija wenye vizibo halali, kwa kuwa hauvuji hata kidogo. Usumbufu wa mwezi uliopita, zile mara 3 vali zilipojifunga, ulikuwa mfumo ukifanya kazi yake: ulipoteza hewa, ukafunga gesi. Uliwaudhi, lakini uliwaambia ukweli kwamba kuna kitu kibovu. Siku mlipoweka boliti mliunyamazisha, na ubovu wenyewe haukutafutwa.

Kwa nini kizibo kilivuja? Sababu ninazokutana nazo mara nyingi ni tatu. Ya kwanza ni umri. Metali hii ni laini, na ikikaa miaka na miaka chini ya presha ya hewa na joto la mchana, inajisukuma taratibu kutoka kwenye tundu lake. Ukipitisha kidole unaweza kuhisi imevimba kidogo kwa nje. Ya pili ni mtikiso: kizibo kilichofungwa juu ya bomba la pampu kinatetemeka mchana kutwa mpaka kinalegea. Ya tatu ni maji. Kompresa isiyo na kikausha hewa inamimina unyevu ndani ya mrija, na pwani hapa unyevu hauna mwisho. Ndani ya miaka michache unakuta kutu na tope la kijani kwenye maungio. Fungueni kikombe cha kumwagia maji chini ya tangi la kompresa leo mchana mwone kinatoka nini. Mkibadilisha kizibo bila kushughulikia maji, mtarudi palepale.

Kuna kosa jingine linalofuatana sana na hili la boliti, na naomba ulitafute kwa makini. Mahali hewa inapoingia kwenye mrija huwekwa kipande chenye tundu dogo sana, pengine upana wa sindano. Kazi yake ni kuhakikisha hewa inaingia polepole kuliko inavyoweza kutoka. Kizibo kimoja kikiyeyuka, hewa itoke haraka, na kompresa isiweze kuifidia. Watu waliochoshwa na vali kujifunga hukitoa kipande hicho, au hukipanua kwa keekee, au huongeza presha, na kweli vali zinaacha kusumbua.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kukagua bohari moja. Kila kitu kilikuwa safi, vizibo vyote vipo, kitufe cha dharura kinafunga vali vizuri kabisa. Nikaenda mwisho wa mrija, mbali kabisa na vali, nikafungua kizibo cha mwisho kwa spana. Hewa ikapiga mluzi. Tukasimama watu wanne tunaitazama geji. Ikashuka kutoka bar 6 hadi bar 4, ikasimama hapo. Mluzi unaendelea, kompresa inanguruma, na vali chini ya tanki imebaki wazi kana kwamba hakuna kilichotokea. Dakika moja ikapita, kisha ya pili. Kile kipande chenye tundu dogo kilikuwa kimetolewa zamani, na hakuna aliyekumbuka ni nani alikitoa. Bohari ile ilikuwa imefanya kazi hivyo, malori yanaingia na kutoka, na kila mwaka fomu ya ukaguzi ikijazwa tiki kwa sababu kitufe kilijaribiwa na kikafanya kazi.

Ndiyo maana nasema kitufe hakitoshi kuwa jaribio. Kitufe kinatoa hewa karibu na vali, kwa tundu kubwa. Moto hautachagua hapo.

Kuhusu rangi, naona wengi huliona ni jambo dogo. Kizibo kinafanya kazi kwa kupokea joto haraka. Tabaka la rangi linachelewesha joto kufika, na rangi nene inaweza hata kushikilia tundu baada ya metali kuyeyuka. Wanaosimamia vinyunyizio vya moto vya majengoni wana desturi ambayo nakushauri muifuate: kinyunyizio kilichopakwa rangi nje ya kiwanda hakisafishwi, kinabadilishwa. Msikwangue kwa kisu wala kusugua kwa tina. Vitoeni, muweke vipya vyenye namba ileile ya joto, na safari nyingine fundi rangi akija, vizibo vifunikwe kwa utepe wa karatasi unaotolewa siku hiyohiyo.

Hofu ya jua iache. Chuma kilichoanikwa kwenye jua kali kinaweza kukuunguza kiganja, pengine kikafika nyuzi 60 na kitu. Kutoka hapo hadi 100 bado kuna nafasi ya kutosha. Kizibo kikiyeyuka bila moto, angalia kama mtu aliweka cha joto dogo kwa makosa, au kama kiko karibu mno na kichwa cha kompresa au ekzosi ya lori.

Wenzako wana hoja, na sitaki uwapuuze, kwa sababu vifaa walivyovitaja vyote vina kazi. Vitambuzi vya gesi vinafanya jambo ambalo kizibo hakiliwezi kabisa: vinakuambia gesi inavuja kabla ya moto. Kizibo hakijui lolote kuhusu gesi, kinajua joto tu. Kwa hiyo mnavihitaji vyote viwili. Lakini kitambuzi kinataka umeme, kinataka kupimwa mara kwa mara, na bohari nyingi zimekiunganisha na king'ora tu, kisha vali inangoja mtu. Kitufe cha dharura nacho kinangoja mtu, na mtu yule huenda ndiye aliyesimama penye mpira ulipopasuka.

Mitungi ya kuzimia moto inahitaji tahadhari ya pekee. Moto wa gesi inayovuja kwa nguvu ukiuzima kabla ya kufunga chanzo, gesi inaendelea kutoka bila moto. Ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini, inajaza mitaro, na lita 1 ya gesi ya maji, yaani gesi ikiwa kimiminika kama ilivyo ndani ya tanki, hugeuka kuwa zaidi ya lita 200 za mvuke. Ikikuta cheche mita 50 mbele, mmebadilisha moto mmoja mnaouona kwa mlipuko msiouona. Funga kwanza, halafu ndipo uzime kilichobaki. Na anayefunga kwanza, wakati watu bado wanapiga kelele, ni kile kizibo.

Vali za usalama juu ya matanki ndizo zinazowapa watu imani kubwa kuliko zinavyostahili. Kazi ya vali hizo ni kupunguza presha, na zinaifanya vizuri. Haziwezi kulinda chuma. Sehemu ya tanki iliyoguswa na gesi ya maji kwa ndani inapozwa na gesi hiyo inayochemka. Sehemu ya juu yenye mvuke tu haina cha kuipoza. Moto ukiilamba, chuma kinapanda joto, na kikifika nyuzi 550 hadi 600 kimepoteza karibu nusu ya nguvu zake. Hapo tanki linapasuka hata kama vali ya usalama imefunguka wazi.

Hilo lilitokea Feyzin, karibu na Lyon, Ufaransa, tarehe 4 Januari 1966. Opereta alikuwa akitoa sampuli chini ya tanki la propani. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, hivyo ikitoka inagandisha kila inachogusa. Vali zikaganda zikiwa wazi na hakuweza kuzifunga. Wingu la gesi likatambaa hadi barabarani, likashika moto, na moto ukarudi mpaka chini ya tanki. Vali ya usalama ilifunguka kama ilivyotakiwa. Baada ya saa moja na nusu hivi tanki likapasuka. Watu 18 walifariki, wengi wao wazimamoto waliokuwa kazini pale. Jambo moja kubwa lilikosekana mapema, nalo ni njia ya kufunga tundu lile bila mkono wa mtu.

Na habari ya kukata chanzo haiko kwenye matanki tu. Usiku wa tarehe 6 Julai 1988, kwenye Piper Alpha, jukwaa la kuchimba mafuta na gesi katika Bahari ya Kaskazini, mabomba makubwa ya gesi yaliyounganishwa na majukwaa mengine yalipasuka kwa joto la moto, yakaulisha. Watu 167 walikufa. Mwaka uliofuata Uingereza ikatunga kanuni za kulazimisha vali za dharura kwenye mabomba ya namna hiyo. Hata vituo vya mafuta vya barabarani vina kaka yake kizibo chako: chini ya pampu ya mafuta huwekwa vali yenye kiungo kinachoyeyuka, mara nyingi kwa nyuzi 74, ili moto ukiwaka au gari likigonga pampu, bomba lifungwe chini yake. Nimewahi kukuta kiungo hicho kimefungwa kwa waya wa binding. Sababu niliyopewa ilikuwa ileile yenu: kilikuwa kinasumbua.

Nikuambie pia mipaka ya mfumo huu, usije ukauamini kupita kiasi. Kama mwali unaelekea upande usio na kizibo, au upepo unaulaza, itachukua muda zaidi kuyeyuka. Gesi iliyokwisha kupita vali, iliyomo kwenye bomba na mpira, itaungua mpaka iishe. Na vali yenyewe ikiwa na vizuia-mvujo vya plastiki ndani visivyostahimili moto, itafunga kisha ianze kuvuja. Ulizeni cheti cha vali zenu: kuna jaribio la kimataifa liitwalo ISO 10497 ambalo vali huchomwa kwa dakika 30 huku ikipimwa inavuja kiasi gani. Kama vali zenu hazikupita jaribio hilo au linalofanana nalo, kizibo kizuri kinaamuru vali dhaifu.

Wengine wanatumia mrija wa plastiki badala ya vizibo, kwa kuwa wenyewe unayeyuka popote moto unapougusa. Ni njia nafuu na inaona moto kila mahali unapopita, ila jua linaudhoofisha na panya wanautafuna, kwa hiyo vali zitajifunga mara nyingi zaidi. Na kuna hatari moja: mtu akichoka na panya, anaubadilisha kwa mrija wa shaba au chuma bila kuongeza vizibo, na hapo mfumo umekufa ukiwa unang'aa. Vitambuzi vya kielektroniki vinavyouona mwali wenyewe ni vya haraka kuliko vyote, lakini vinataka fundi aliyefunzwa, umeme wa uhakika na lenzi safi. Kwa bohari ya ukubwa wenu, ningebaki na mrija wa chuma wenye vizibo, nikaunganisha vitambuzi vya gesi vifunge vali moja kwa moja badala ya kupiga king'ora tu.

Vizibo nunueni kwa mtengenezaji wa vali au wakala wake, namba ya joto ikiwa imegongwa. Msikubali kizibo kilichojazwa upya karakana kwa risasi ya kulehemu. Ile ya kawaida huyeyuka zaidi ya nyuzi 180. Na kuna kazi ambazo sikushauri uzifanye mwenyewe kwa kusoma maneno yangu. Kufungua vali ya ndani ya tanki, kubadilisha kile kipande chenye tundu dogo bila mchoro wa mfumo, au kugusa chochote kinachoshika gesi yenyewe, mwite mkandarasi mwenye leseni au mhandisi wa mtengenezaji aje pale kwa miguu yake. Mkigundua vali haifungi hata hewa ikiisha, fungeni vali za mkono, simamisheni kazi, na mwiteni siku hiyohiyo.

Kwa mkuu wako wa zamu, nenda kwa heshima. Usimwambie amekosea mbele ya watu. Yeye alikuwa anaokoa siku ya kazi, na inawezekana hakuna aliyewahi kumweleza. Mwonyeshe kizibo alichokitoa, mchungulie pamoja. Kisha andika kwenye kitabu cha zamu: tarehe, mahali pa boliti, vizibo vingapi vimepakwa rangi. Mkiambiwa muendelee kupakua hivyohivyo, una haki ya kukataa kusimama penye mpira ule, na kwa hapa Tanzania OSHA (wakala wa usalama na afya mahali pa kazi), EWURA (mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji) na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji wote wanahusika na jambo hili.

Vizibo vipya vikishafungwa, kabla ya lori la kwanza, fanyeni jaribio lile nililokusimulia. Hakuna lori uwanjani, pampu imezimwa, mtu mmoja anatazama vali, wewe uko mwisho kabisa wa mrija na spana mkononi. Fungua kizibo cha mbali kuliko vyote, na mwenzako aanze kuhesabu mpaka aone mkono wa vali umelala. Andikeni sekunde hizo kwenye kitabu, na mwakani siku kama hiyo mrudie palepale mlinganishe.